Dinari Mbili za Msamaria

Neno la Kasisi
Somo: Luka 10:25-37

Ndugu wapendwa katika Kristo,



Wazee wa kanisa letu watakumbuka kwamba katika Kitabu cha Sala cha zamani, habari ya Msamaria mwema ndiyo Injili ya Jumapili ya 13 baada ya Utatu. Tumeisikia tangu utotoni, hata tumeizoea. Na jambo lililozoewa ni rahisi kulipita bila kulitazama, kama kuhani na Mlawi walivyompita yule mtu njiani. Mwezi huu nawaomba tusimame mahali pamoja katika habari hiyo, mahali ambapo mimi mwenyewe nimepita mara nyingi bila kusimama. Nazo ni zile dinari mbili.

Kwanza niwaambieni kilichonisimamisha.

Yuko mama mmoja, wala sitamtaja jina wala mtaa wake, auzaye samaki wa kukaanga kando ya barabara. Usiku mmoja alipokuwa akifunga biashara yake, aliona vijana wakimpiga mtu kwa rungu na kumnyang'anya pesa. Mtu yule alipigwa kutoka nyuma, hakuona uso wa yeyote. Alilazwa hospitalini majuma kadhaa, na mkono wake wa kulia haujarudiwa na nguvu zake za zamani. Lakini mama aliwatambua wawili katika wale vijana. Polisi walipouliza ni nani aliyeona, ikawa watu wote wa pale walilala mapema usiku ule, isipokuwa yeye peke yake. Akaandikisha taarifa.

Kesi ikaanza. Siku ya kwanza akafunga biashara, akapanda matatu mbili mpaka mahakamani, akakaa bencini tangu saa mbili asubuhi hata saa saba, akaambiwa kesi imeahirishwa. Siku ya pili faili haikuonekana. Siku ya tatu wakili hakufika. Siku ya nne hakimu alikuwa na udhuru. Siku ya tano alikaa benci moja na jamaa za mshtakiwa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Washtakiwa walikuwa nje kwa dhamana, kama ilivyo haki yao. Juma lile lile kijana asiyemfahamu akaja mezani pake, akanunua samaki, akalipa vizuri, kisha akamwuliza kwa upole, "Mama, watoto wako siku hizi wanasoma shule gani?" Akaenda zake.

Siku ya sita mama hakwenda mahakamani. Kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi.

Nilipopata habari hizo nilimwendea. Na sikuenda kumfariji, nilikwenda kumkemea. Nikamkumbusha neno la Mambo ya Walawi 5:1, kwamba mtu aliyeona jambo, akatakiwa kushuhudia naye akanyamaza, huuchukua uovu wake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kasisi, nimekuwa mkweli mara tano. Mara zote tano nimejilipia nauli ya kwenda na kurudi, na samaki wangu wameharibika. Bei ya mara ya sita ilikuwa watoto wangu. Wewe ulikuwa wapi hizo mara tano?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaifungua Luka 10, nikajiona mle ndani. Nami sikuwa Msamaria.

Sasa, ndugu zangu, na tuitazame habari yenyewe. Msamaria alimfanyia yule mtu mambo matatu. Alimtia mafuta na divai katika jeraha zake: hivyo ni vitu alivyokuwa navyo mkononi. Alimpandisha juu ya mnyama wake: maana yake yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Haya mawili twayapenda, na kwa neema ya Mungu twayafanya. Akipigwa mwenzetu, akina mama wa kanisa hupeleka uji hospitalini, na wazee huenda kumwombea. Lakini liko jambo la tatu. Kesho yake alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba gharama ikizidi, atailipa atakaporudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tuonavyo katika Mathayo 20:2. Basi ilikuwa mishahara ya siku mbili, na ahadi juu yake.

Kwa nini alitoa fedha? Kwa sababu alikuwa na safari. Hakuweza kukaa kando ya kitanda mwezi mzima. Alijua kwamba mtu aliyeachwa karibu na kufa haponi kwa huruma ya usiku mmoja. Anahitaji kitanda, chakula, na mtu ambaye kazi yake ni kumtunza kila siku. Na mtu huyo lazima alipwe. Upendo wake haukuishia katika machozi. Uliingia katika hesabu. Wahenga wetu walisema, mkono mtupu haulambwi.

Hili ndilo neno langu kwenu mwezi huu: mtu aliyeumizwa na mhalifu, na shahidi anayesimama kusema kweli, ni haki yao kutengewa fungu katika fedha za watu wote, nasi Wakristo yatupasa kulidai fungu hilo kama sehemu ya utii wetu kwa Bwana.

Labda mtu atauliza, je, hilo ni la Maandiko, au ni siasa? Na tuyasome Maandiko. Katika Kutoka 21:18-19 twaona kwamba watu wakigombana, na mmoja akamjeruhi mwenzake hata akalala kitandani, aliyepiga atalipa siku ambazo mwenzake hakufanya kazi, na kumwuguza mpaka apone kabisa. Angalieni jinsi Sheria ya Mungu ilivyo na macho ya karibu: yaona jeraha, na pia yaona kibarua kilichopotea. Aliyeumiza ndiye wa kwanza kulipa. Lakini itakuwaje kama aliyeumiza hana kitu, au hajulikani?

Hapo tufungue Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Maiti imeonekana kondeni, na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi hutoka na kupima umbali, toka pale alipoanguka mtu hata miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio watakaoleta mtamba wa ng'ombe na kusimama mbele za Bwana. Ni kweli, mtamba yule hakuwa fidia kwa jamaa za marehemu. Alikuwa wa kuiondoa hatia ya damu katikati ya watu. Hata hivyo tujifunze: wazee wale hawakuruhusiwa kusema, "Si sisi tuliomwua, basi halituhusu." Mji wote ulihusika, na mji wote ulitoa kitu chenye thamani. Ndugu zangu, kamba ile ya kupimia ikinyoshwa leo kutoka pale alipoangushwa yule mtu kando ya meza ya samaki, nasadiki itafika mlangoni pa kanisa letu kabla ya kufika penginepo.

Tena liangalieni jambo hili. Mkienda mahakamani mtasikia karani akiiita kesi kwa jina la Jamhuri dhidi ya fulani. Hasemi kesi ya mama wa samaki. Kesi ni ya Jamhuri, na mama ni mwalikwa wa Jamhuri. Kwa desturi zetu, mwenye shughuli ndiye awapokeaye waalikwa, awapaye mahali pa kukaa, na kuwasindikiza usiku ukiingia. Mshtakiwa aliye rumande huletwa kwa gari la Serikali, hula chakula cha Serikali, na akiugua hutibiwa. Ni vyema hivyo, wala sisemi apunguziwe. Bwana wetu alisema kwamba amwendeaye mfungwa amemwendea Yeye, na mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Ninasema tu kwamba Jamhuri inayoweza kumleta mshtakiwa yaweza pia kumleta shahidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; naye ataye ukweli na atoe gharama ya ukweli.

Wala tusidhani kwamba nchi yetu haina sheria juu ya jambo hili. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 50, iliagiza Bunge litunge sheria ya ulinzi, haki na ustawi wa waathiriwa wa uhalifu. Bunge likatunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa, mwaka wa 2014. Sheria hiyo yampa aliyeumizwa haki ya kuheshimiwa, kujulishwa habari za kesi yake, kusikilizwa na mahakama, na kusaidiwa kwa matibabu na ushauri. Yairuhusu mahakama kumwamuru mwenye hatia alipe hasara, matibabu, hata na gharama za usafiri. Nayo iliweka Mfuko wa waathiriwa, ambao Bunge laweza kuutengea fedha. Kwa upande wa mashahidi, iko Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya mwaka wa 2006, iliyorekebishwa mwaka wa 2010 ili pawe na Shirika la Kuwalinda Mashahidi linalojitegemea. Shahidi aliye katika hatari aweza kupewa ulinzi, kuhamishwa, hata kubadilishiwa jina. Na mahakama yaweza kumsikiliza faraghani, au kulificha jina lake.

Sheria hizi ni njema. Lakini sheria isiyokuwa na fedha ni kama nyumba ya wageni yenye kibao kizuri mlangoni, na ndani hamna kitanda. Ulinzi wa shahidi ni mishahara ya walinzi, ni kodi ya nyumba mahali pengine, ni karo ya watoto katika shule mpya. Ushauri kwa aliyenajisiwa ni mshahara wa mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Chumba cha mashahidi, ili wasikae benci moja na jamaa za washtakiwa, ni mawe na saruji. Kila moja ya hizo ni dinari mbili.

Wala si sisi peke yetu tunaofunzwa somo hili. New Zealand ilitunga sheria ya kuwalipa fidia watu walioumizwa na wahalifu mwaka wa 1963, na Uingereza ikaanza mpango wake mwaka wa 1964. Katika mji wa Bristol, mwaka wa 1974, watu wa kujitolea walianza kuwatembelea majumbani wale walioibiwa na kupigwa. Kazi ile ikaenea Uingereza, na baadaye fedha za Serikali zikaja kuitegemeza. Hayo yalikuwa mafuta na divai kwanza, kisha dinari mbili. Tarehe 29 Novemba 1985, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa Tamko kwamba ikiwa mhalifu hawezi kulipa kwa ukamilifu, mataifa yajitahidi kuwalipa fidia wale walioumizwa vibaya, na wategemezi wa waliouawa.

Marekani nayo ilianzisha Mfuko wake kwa sheria ya mwaka wa 1984. Fedha za Mfuko huo hazitoki katika kodi. Zatoka hasa katika faini za watu na makampuni waliopatikana na hatia katika mahakama za shirikisho. Twaweza kusema ni haki kamili, mwenye kuumiza alipe. Lakini faini zilipopungua, Mfuko nao ulipungua, na mwaka wa 2021 sheria ilibidi irekebishwe ili kuongeza chemchemi nyingine ya fedha. Hapa tujifunze. Faini huja kama mvua, mwaka huu nyingi, mwaka ujao haba. Lakini wanaopigwa hawapungui kwa sababu faini zimepungua. Ndiyo maana haitoshi kungoja faini na zawadi. Lazima liwepo fungu la kudumu katika makadirio ya kila mwaka.

Najua maneno yatakayosemwa. Mmoja atasema, Hazina haina kitu, na barabara na shule zangoja. Nami namjibu: tayari twalipa. Twamlipa askari aliyekamata, na hakimu aliyekaa kitini, na kiongozi wa mashtaka, na chakula cha rumande. Shahidi asipofika, gharama hizo zote zimemwagika mchangani. Mwenye kujenga nyumba nzima akakataa kununua mlango, hakuweka akiba, amewafungulia wezi.

Mwingine atasema, hiyo ni kazi ya kanisa, si ya Serikali. Namjibu: kanisa lina mafuta na divai, na litoe bila kuchoka. Lakini kanisa halina askari wa kumlinda shahidi usiku, wala halina amri ya kuficha jina lake mahakamani. Tena wako wanaopigwa ambao si washiriki wa kanisa lolote. Yule mtu wa njia ya Yeriko hakuulizwa dini yake.

Wa tatu atasema, fedha zikitengwa zitaliwa. Hilo ni kweli laweza kutokea, na limetokea mahali pengi. Lakini angalieni mambo mawili. Hata katika kundi la Mitume, aliyeshika mfuko alikuwa mwizi, kama asemavyo Yohana 12:6. Wala hatusomi kwamba Bwana aliacha kuwa na mfuko wa maskini. Na Msamaria alipoahidi kulipa kilichozidi, alisema pia kwamba atarudi. Mwenye nyumba ya wageni alijua kwamba siku moja ataulizwa: fedha zi wapi, na mgonjwa yu hali gani? Nasi tukidai fungu litengwe, tudai pia hesabu. Anayetoa na asirudi kuuliza, amefanya nusu ya kazi.

Basi tufanye nini? Halmashauri ya kanisa imekubali tuanze na mambo manne.

La kwanza, tusimwache shahidi aende peke yake. Mshiriki yeyote atakayeitwa mahakamani na aniambie mimi au mzee wa kanisa, na watu wawili watakwenda naye na kukaa naye bencini. Wasimfundishe la kusema, wala wasiyazungumze yaliyomo katika ushahidi wake. Kazi yao ni kuwa karibu. Na tukitaka kumsaidia nauli, kwanza tumweleze kiongozi wa mashtaka waziwazi, asije mtu akasema shahidi amenunuliwa.

La pili, tuwajulishe watu haki zao. Aliyenajisiwa na afike hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa iko dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI isiyofaa baada ya muda huo; asioge kabla ya kuonwa na daktari, wala asifue nguo alizovaa. Aliyetishwa kwa sababu ya ushahidi wake asinyamaze. Awaambie polisi na kiongozi wa mashtaka, na aulize habari za Shirika la Kuwalinda Mashahidi.

La tatu, tuzuie ndimi zetu. Jina la shahidi likitajwa sokoni, limefika kwa wenye marungu kabla ya jua kutua. Hii haina gharama yoyote, nasi twashindwa nayo kila siku.

La nne, twende kwenye makadirio. Mwaka wa fedha wa nchi yetu huisha tarehe 30 Juni, na Katiba yataka makadirio yafike Bungeni miezi miwili kabla, na Kamati ya Bunge ipokee maoni ya wananchi. Polisi na mahakama ni za Serikali ya taifa. Lakini hospitali tunazozijua, ambapo majeruhi hupelekwa kwanza, nyingi ni za kaunti, na kaunti nayo huwaita wananchi watoe maoni. Mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache, na wanaohudhuria huuliza juu ya barabara. Safari hii watu watano kutoka parishi yetu watakwenda na swali moja lililoandikwa: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa walioumizwa na kwa mashahidi, na za mwaka jana zilitumikaje? Nao watarudi mwaka ujao kuuliza tena.

Kabla sijafunga, mtataka kujua habari za yule mama. Nilimrudia, nikamwomba msamaha mbele ya mumewe. Akacheka kidogo, akanifungia samaki wawili katika gazeti, akakataa pesa. Kesi yake haiwezi kurudishwa na maneno yangu. Yule aliyepigwa bado hushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mambo mengine huchelewa, na kuchelewa huko ni dhambi tunayoiungama kila Jumapili tukisema kwamba tumeacha kuyatenda yaliyotupasa. Lakini mama aliniuliza swali moja ninalowaachia ninyi: "Kasisi, mwingine akiita kesho, mtakuwapo?"

Tuombe.

Ee Mungu, uliyesikia damu ya Habili ikilia kutoka katika ardhi, wasikie waliojeruhiwa katika nchi yetu. Wape ujasiri wasemao kweli, na uwaweke watoto wao chini ya mbawa zako. Wape hekima wanaogawanya fedha za watu, wasimsahau aliyeanguka njiani. Nasi utusamehe tulivyopita upande wa pili, utufundishe kutoa mafuta, na divai, na dinari mbili, na kurudi kuuliza hali ya mgonjwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndimi mtumishi wenu katika Kristo,
Kasisi wenu